Kinyozi wa Darasa la Tatu

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi wa wembe na mkono mzito wa brashi, na mkewe hakuchoka kumkumbusha. Kidevu cha mteja alikinyoa kikaisha kabla mwenyewe hajamaliza kusimulia mpira wa jana. Lakini ukimwambia akichore kidevu hichohicho, bwana mkubwa alianza kuhema, kufuta, kurudia, kukoroga rangi kwenye kifuniko cha ndoo, na mwisho wa yote kidevu kilitokea kama kiatu. Mkewe alishona mapazia ya watu hapohapo sebuleni, kwa hiyo kila picha ilipita mbele ya macho yake hata asipotaka.

"Huyu nani?" aliuliza siku moja, akielekeza mkasi kwenye picha mbichi.

"Fundi viatu."

"Na hiki hapa chini ya mdomo?"

"Ndicho kidevu."

"Aa. Nilidhani kaja na kazi yake."

Kuchora hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na kitabu cha mtumba kilichochanika kurasa za mwanzo, na ndiyo maana, kwa maneno ya mkewe, alijua kumaliza picha ila hakujua kuianza. Alikuwa na video za kwenye simu, mwalimu mzee mwenye ndevu anayeongea lugha asiyoielewa hata neno, naye akawa anamtazama mikono tu na kuitikia "ehee" kwa heshima. Kitambaa cha kuchorea kilikuwa bitana ya mapazia, aliyoikata kwenye robota la mkewe bila kuomba. Cha kuegemezea picha kilikuwa meza ya kupigia pasi. Kuna mteja aliyewahi kurudisha pazia akilalamikia doa la kijani kwenye pindo. Mke alimwambia hilo ni ua, limebuniwa makusudi, na mteja akaondoka nalo akiwa hajashawishika.

Kisha kuna siku alipojikaza akaenda kwenye duka la vifaa vya wachoraji, duka hasa, lenye milango ya vioo na ubaridi ndani. Muuzaji alizitazama kandambili zake, akamtazama usoni, akauliza kwa upole, "Mtoto yuko darasa la ngapi?"

"La tatu," akajibu.

Muuzaji akamchagulia boksi la rangi lenye sungura kwenye kifuniko, naye akalipokea, akashukuru, akatoka. Alipomsimulia mkewe alikusudia wamcheke muuzaji. Mke alicheka mpaka mguu ukamponyoka kwenye kikanyagio na uzi ukakatika, na tangu siku hiyo mume hakuwa na jina lingine ndani ya nyumba ile. Ilikuwa Darasa la Tatu njoo ule, Darasa la Tatu umefunga mlango, Darasa la Tatu sogeza sungura wako nipige pasi.

Jambo moja tu hakulitania. Siku moja alimuuliza kwa nini hasa anajisumbua, mtu mzima mwenye kazi yake na heshima yake. Kinyozi alikuwa anaosha brashi, akaendelea kuziosha.

"Nywele zinaota," alisema. "Kila ninachokifanya kinaota tena. Namnyoa mtu vizuri, anapendeza, mwisho wa mwezi ni kama sikuwahi kumgusa. Nataka nifanye kitu kimoja kikae."

Mke alikuwa tayari na neno mdomoni. Akalimeza, akamsogezea sabuni.

Waliochorwa walikuwa wateja wake. Duka lake lilikuwa jembamba, na kiti kimoja kilichofungwa kwa bolti sakafuni kikitazama kioo kikubwa cha ukutani. Nyuma ya kiti palitosha stuli tu. Mteja akishanyolewa, kama hana haraka, alibaki kitini, na Kinyozi akakaa kwenye stuli nyuma yake, akawa anamtazama kwenye kioo na kuchora. Muuza nyama alichorwa hivyo. Aliishika picha kwa mikono miwili akasema, "Huyu ni mimi mtupu. Ndivyo ninavyojijua." Kesho yake mke wa muuza nyama aliirudisha mwenyewe.

"Shemeji, picha ni nzuri," alisema, "ila huyu si mume wangu. Huyu ni ndugu yake ambaye hatujawahi kuletewa nyumbani."

Ilikuwa hivyo kwa wote. Mwenyewe anaipenda, wa nyumbani kwake wanaikataa. Kinyozi alishikilia kwamba wake za watu hawajui sanaa. Mkewe alishikilia kwamba wake za watu ndio wanaozijua sura za waume zao. Mjadala uliahirishwa kwa sababu chakula kilikuwa kinaungua.

*

Baba mkwe wa Kinyozi alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, na kazi ile ilimnyima haki ya kucheka hadharani. Kila picha aliyopigwa maishani aliikazia macho kamera kama vile imepunja wateja. Alifariki mwaka uliopita, akaacha msumari mtupu sebuleni pale ilipokuwa saa yake ya ukutani, na mjane wake akataka pale pakae sura yake.

Mtoto wa kiume mkubwa, ambaye alikuwa mhasibu na alipenda kila jambo liwe na risiti, alichukua picha ya kitambulisho cha baba yake, akaikuza, akaitia kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Aliileta siku ambayo dada yake na Kinyozi walikuwa wamekuja kumsalimia mama. Mama aliipokea, akaitazama, akaiegemeza kwenye kabati ikiwa imegeukia ukuta.

"Mama, ndiyo sura yake," alisema kaka mkubwa.

"Ni sura ya kitambulisho. Mimi sikuolewa na kitambulisho."

"Basi yupo kijana mmoja namjua, ana shahada ya uchoraji. Kasomea miaka. Tumwite yeye."

"Alimjua baba yako?"

"Atapewa picha ya kuangalizia."

"Ipi? Hii?"

Mama akageuka taratibu, akamtazama Kinyozi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango akinywa chai kwa adabu zote za mkwe. "Mwanangu, nasikia siku hizi unachora."

Mke wa Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliyemwambia mama ni yeye mwenyewe, tena kwa kumcheka mumewe, habari za sungura na kila kitu.

"Najaribu, Mama," alisema Kinyozi.

"Nichoree mzee wangu. Yule wa kucheka."

Kaka mkubwa alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda shemeji yake kwa kiasi chake. "Shemeji, usinielewe vibaya, wala si dharau," alisema. "Lakini sebule ya mzee si mahali pa kujifunzia."

Neno lile lilimpata. Mkewe aliliona lilivyompata, maana alikiweka kikombe juu ya kisahani na kisahani kikalia. "Sawa, shemeji," alisema. "Basi tuelewane mapema. Nitamchora. Nyinyi wa humu ndani mkisema siye, brashi naziacha siku hiyohiyo, na sitazigusa tena maisha yangu."

"Hakuna aliyekwambia uape," mkewe alisema.

"Nimeshaapa."

Njiani kurudi nyumbani mke alishindwa kujizuia. "Mwenzangu, pale ulikuwa unaapa au unajinyonga?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema utajitahidi. Watu wote duniani wanasema watajitahidi."

Mke akaanza kuhesabu moyoni faida za kiapo kile. Sebule ingekuwa yake tena, bitana ingesalimika, meza ya pasi ingerudia kazi yake, na harufu ya tapentaini ingetoka kwenye mito. Alihesabu mpaka wakafika mlangoni, na akashangaa kuona hesabu yenyewe haimfurahishi.

*

Kaka mkubwa, kwa nia njema, alimpelekea ile picha ya kitambulisho dukani. "Angalizia tu," alisema. Kinyozi akairudisha mikononi mwake.

"Shemeji, mtu nimemshika kidevu tangu nimemwoa dada yako. Sura yake iko hapa," akasema na kuonyesha viganja. Kilikuwa kiburi kidogo tu, cha mtu ambaye hana kiburi kingine, lakini ndicho kilichomponza.

Alianza kuchelewa kurudi nyumbani. Jioni moja mke alimpitia dukani akitoka kupeleka mapazia, akamkuta ameshafunga kazi, amekaa kwenye stuli nyuma ya kiti kitupu, anatazama kioo ambacho hakikuwa na mtu.

"Unafanya nini?"

"Namkumbuka." Hakugeuka. "Alikuwa akikaa hapa kama yuko mahakamani. Haongei. Nikimaliza nikamfuta povu, hapo ndipo ananitazama kwenye kioo, anainua unyusi mmoja, lile kovu la shavuni linajikunja, anacheka. Upande mmoja tu wa mdomo. Halafu anasema, 'Mizani iko sawa.'"

Mke alisimama mlangoni. Yeye binti wa mzee yule hakuwahi kuuona unyusi huo ukiinuka, na alimwonea mumewe wivu mdogo ambao hakuujua auweke wapi. Akamwambia chakula kitapoa.

Picha ilipokaribia kwisha ilikaa juu ya meza ya pasi ikiwa imefunikwa foronya. Kinyozi alikataza isifunuliwe. Mke alijizuia asubuhi nzima, na mchana akaifunua.

Alikuwa baba. Kicheko kilikuwepo, kile cha kusimuliwa, na ngozi ilikuwa na uhai kuliko kitu chochote ambacho mumewe alikuwa amewahi kukipaka kwenye bitana yake. Kidevu kilikuwa kidevu. Lakini hapohapo kitu kilimkwaruza moyoni. Aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha huku, akarudi nyuma hadi kwenye cherehani. Alimjua baba yake na hakumjua. Siku nyingine yoyote angemsubiri mumewe mlangoni na maneno matatu ya kumtania, wakacheka, jambo likajulikana ni nini. Safari hii palikuwa na kiapo, akaogopa. Alishusha foronya akarudi kwenye pindo la pazia.

"Umeitazama?" Kinyozi aliuliza wakati wa kula.

"Sijaitazama."

"Foronya imevaa nje ndani."

"Basi nimeitazama."

"Ehee?"

"Umejitahidi," alisema mke.

Kinyozi aliacha kutafuna. Tangu waoane mkewe hakuwahi kumsifia kwa neno moja, na akajua kwamba kuna jambo.

*

Jumapili alivaa shati lake la harusi, ambalo sasa lilimbana shingoni, akaibeba picha kwa miguu akiikumbatia. Kwa mama, yeye na mkewe walimkuta kaka mkubwa na shangazi, dada wa marehemu, mwanamke mnene wa sauti kubwa ambaye hakuwa na siri yoyote. Picha ikawekwa kitini kama mgeni. Kinyozi akaondoa foronya.

Walitazama. Shangazi alikuwa wa kwanza.

"Ni yeye," alisema, na macho yakamlowa. Kisha akaipangusa miwani kwa kanga yake akatazama tena. "Ni yeye, ila mbona kama amehama?"

"Amehamia wapi, shangazi?" aliuliza mke.

"Sijui. Yupo, lakini hayupo anapokaaga."

Kaka mkubwa alisogea, mikono nyuma, akainama mbele ya picha kama anavyoinamia vitabu vya hesabu za watu. "Kovu," alisema.

"Kovu limefanya nini?"

"Baba alikuwa nalo shavu la kushoto."

Basi ikawa kila mtu anajishika shavu. Mke alijishika la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Kaka mkubwa alijishika la kushoto na kubaki hapo kwa uthabiti. Shangazi alijichanganya, akaamua kuipa picha mgongo ili asimame kama inavyosimama yenyewe.

"Ngojeni. Tulianguka na baiskeli, mimi kanibeba nyuma. Ukuta ulikuwa huku. Yeye akaenda hivi," alisema, akaanza kulala upande mpaka kaka mkubwa akamdaka mkono. "Huku. Kushoto. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi sikuumia, nilimwangukia yeye."

Kaka mkubwa alikwenda kabatini, akaigeuza ile fremu ya dhahabu, akaiweka kitini kando ya picha. Hakufanya kwa kufurahi, na dada yake alimsamehe kwa hilo. Lakini sasa kila mtu aliona. Kovu upande ule, kovu upande huu. Mstari wa nywele uliochanwa huku, na huku. Sikio lililotoka kidogo nje, la kushoto kwa kitambulisho, la kulia kwa Kinyozi. Hapakuwa na kilichosahauliwa. Vyote vilikuwepo, na vyote vilikuwa vimevuka upande wa pili.

Kinyozi alitazama hii, akatazama ile. Shati la harusi lilipanda na kushuka. "Kioo," alisema polepole.

"Unasemaje?"

"Nimemchora wa kwenye kioo. Mimi siku zote nilikuwa nyuma yake. Akinitazama, ananitazama kwenye kioo." Akageuka kumtafuta mkewe. "Na wale wote. Muuza nyama. Fundi viatu. Wote."

Mkewe alishaelewa. Wanaume wale waliipenda sura waliyozoea kuiona wakijitazama, na wake zao wakaletewa waume waliogeuzwa. Siku nyingine angecheka jambo lile kwa mwezi mzima. Aliyecheka ni shangazi, wala si kwa ubaya, akasema, "Mkwe, kumbe kaka yangu umemvalisha nje ndani kama foronya," na kicheko hicho ndicho kilichouma kuliko vyote.

"Shemeji, mkono unao, hilo sitakudanganya," kaka mkubwa alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuubeba. "Lakini aliyesomea, nadhani, wanamwanzishia hapo. Kushoto na kulia."

"Ni kweli, shemeji," alisema Kinyozi. Akaichukua foronya, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akaanza kumvisha mzee kuanzia kichwani.

Mke aliona mikono ile, ambayo haikuwahi kumkata mtu, inahangaika na pindo la foronya. Ndipo alipojua kwamba hataki sebule yake irudi. Anataka sungura abaki na doa la kijani libaki, na anataka mume wake aendelee kuchora videvu vibaya mbele yake mpaka wazeeke. "Acha," alimwambia. "Mama hajasema."

Ilikuwa kweli. Watu wote walimgeukia mama, na wakagundua kwamba katika kelele zile zote yeye peke yake hakujishika shavu. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, anaitazama picha iliyobaki kidevu nje.

"Mfunueni," alisema.

Kinyozi akamfunua.

"Nani kasema huyu siye?"

"Mama, kovu," alianza kaka mkubwa.

"Kovu nimelisikia, sijawa kiziwi." Aliwatazama mmoja mmoja, akawa kama anayefikiria kama waliomo wamefikia umri wa kuambiwa. "Baba yenu alikuwa hajui kufunga tai."

"Baba? Alivaa tai kila siku ya kazi."

"Alivaa. Nilikuwa namfunga mimi. Na mimi niliijua ya kujifunga mwenyewe, ya sare ya shule. Nikisimama mbele yake mikono inapotea, kulia kunakuwa kushoto. Basi nilikuwa nasimama nyuma yake, napitisha mikono hivi, naweka kidevu begani, tunatazama kioo wote wawili. Kila asubuhi, mpaka alipostaafu. Nikishaikaza ananitazama humo kwenye kioo, anafanya hivi."

Mama akainua unyusi mmoja. Wanawe hawakuwahi kumwona akifanya hivyo. Alionekana msichana, na kaka mkubwa akatazama pembeni kwa haya.

"Halafu anasema nini, mwanangu?" mama alimuuliza Kinyozi.

"Mizani iko sawa," alisema Kinyozi.

"Kumbe na wewe alikwambia."

Kaka mkubwa alivua miwani. "Sisi hakuwahi kututazama hivi," alisema. "Sisi alitutazama kama kitambulisho."

"Nyinyi mlikuwa mbele yake," mama alisema. "Aliyekuwa mbele alipimwa. Ndivyo alivyozoea, maskini, hakujua namna nyingine." Akasimama akishika mkono wa kiti. "Huyu harudi kwenye foronya. Ila sebuleni hakai. Hapa muwekeni huyo wa kitambulisho, au muiteni yule mwenye shahada, wageni waridhike. Huyu ni wa chumbani."

Kaka mkubwa mwenyewe ndiye aliyetafuta nyundo. Chumbani kulikuwa na kabati la nguo lenye kioo mlangoni, na mama akaonyesha ukuta ulio kando yake. Kaka mkubwa akaiinua picha juu, mahali ambapo watu hutundika picha.

"Shusha," mama alisema.

"Hapa?"

"Shusha."

"Mama, hapo itakuwa chini mno, mtu atadhani tumekosea."

"Shusha, nimekwambia."

Aliishusha mpaka ilipokuwa usawa wa uso wake mama. Mama akaja akasimama mbele ya kabati. Kioo kilimwonyesha yeye, na pembeni, bega kwa bega, kilipoishia kioo, alikuwa mzee na unyusi wake juu. Mama akasogea kidogo, akakaza kidevu mbele kama anayekiweka juu ya kitu.

"Hapo," alisema. "Mizani iko sawa."

Kaka mkubwa alipigilia msumari, na ilimchukua muda kwa sababu alikuwa haoni vizuri.

*

Walirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Kinyozi alivua shati la harusi, akakusanya brashi zote akazitia kwenye kopo, akaweka na sungura juu yake.

"Unazipeleka wapi?"

"Kwa jirani. Ana watoto."

"Mama kaipokea picha."

"Nilisema nyinyi wa humu ndani mkisema siye. Kaka yako kasema siye. Shangazi yako kasema amehama. Wawili kwa mmoja."

"Na mimi nilikuwa humo ndani," mke alisema. "Mimi hukuniuliza."

Kinyozi alisimama na kopo lake. "Haya. Ni yeye au siye?"

Angeweza kumdanganya, na alimpenda kiasi cha kumdanganya. Lakini neno moja la sifa lilikuwa limeshamponza juzi. "Kwangu siye," alisema. "Mimi nilikuwa mbele yake. Kwa mwenye mume ndiye. Na aliyekuagiza ni mwenye mume."

"Kwa hiyo nimeshindwa au sijashindwa?"

"Mimi sijui, mimi si mhasibu. Nataka kukuuliza kitu kingine. Mji mzima umeuchora, mpaka fundi viatu. Mimi mbona hujawahi?"

Kinyozi alikuna kichwa. "Wewe hukai kwenye kiti," alisema. "Sijawahi kukuona kwenye kioo." Kisha akasema lile lingine, kwa sauti ya chini. "Mtu akinitazama usoni naona aibu. Siwezi kuchora. Kwenye kioo ni kama simtazami yeye."

Mke alimtazama. Kumbe ni aibu tu, miaka yote hii. Alikwenda kwenye kioo kidogo cha sebuleni, akakifunika na pazia la mteja. Akavuta kiti cha cherehani hadi katikati, akakielekeza kwenye meza ya pasi, akakaa, mikono mapajani kama mama yake.

"Kaa hapo mbele," alisema. "Nichore."

"Nimeapa."

"Utaanza kutimiza kesho. Kaa."

Alikaa. Alitazama kitambaa, akatazama brashi, akatazama sakafu, na vyote vilipokwisha akamtazama mkewe. Mke alijiandaa kumtania, akakuta hana neno. Ilikuwa zamani sana tangu mtu amtazame hivi, bila kutaka chai wala kifungo. Alihisi uso wake umekuwa mkubwa, na kila kilichomo kimeonekana, kidoti cha juu ya mdomo, macho yaliyochoshwa na sindano, umri. Akaanza kuona haya yeye.

"Usinitazame hivyo."

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema Kinyozi, na hakuacha.

Alipomaliza, chakula kilikuwa hakijapikwa. Mke aliinuka akaenda kusimama mbele ya picha. Kidevu kilikuwa kimerudi kuwa kiatu, tena safari hii buti. Jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Akaipa picha mgongo, kama alivyofanya shangazi, akajishika mdomo mahali kilipo kidoti, akageuka taratibu bila kuondoa kidole.

"Kiko wapi?" Kinyozi aliuliza.

Mke alilichukua kopo, akamtoa sungura, akazitoa brashi, akazipanga juu ya meza ya pasi palepale zilipokuwa zikikaa.

"Kiko mahali pake," alisema. "Darasa la Nne, njoo unisaidie kupika."